Persimoni bapa si lazima iwe tamu

Swali: Tumehamia nyumba yenye mti mkubwa wa persimoni hapa Sacramento, California. Matunda yake ni ya mviringo, rangi ya chungwa. Programu ya simu imesema ni aina ya Fuyu, na jirani kanihakikishia kwamba persimoni zote zisizochongoka huliwa zikiwa ngumu. Tunda la kwanza lilikuwa tamu lakini ndani ya kahawia, kama limeoza. La pili, tulilolichuma siku hiyohiyo, lilinifunga kinywa kabisa. Je, mti unaumwa? Nitaijuaje aina yake?

Jibu: Mti wako hauumwi, na kwa maelezo haya sidhani kama ni Fuyu. Fuyu ikishakolea rangi haina ukakasi, yaani ule ukali unaofunga kinywa, iwe na mbegu au isiwe nazo, na nyama yake hubaki ya chungwa. Mti mmoja kutoa tunda tamu la kahawia na jingine kali ni alama ya aina zinazotegemea uchavushaji. Mbegu zinapokua hutoa kemikali iitwayo asetaldehaidi, ambayo huigandisha tanini (kitu kinacholeta ukakasi) hata isiweze tena kuyeyuka kwenye mate. Ule ukahawia uliodhani ni uozo ndiyo tanini iliyoganda. Tunda ambalo ua lake halikupata chavua halina mbegu, tanini yake bado inayeyuka, na hilo ndilo lililokufunga kinywa. California utazikuta aina kadhaa za namna hii: Hyakume, Maru, Chocolate.

Sasa hili la jirani yako, maana nalisikia kila msimu wa mavuno. Kanuni ya "bapa tamu, iliyochongoka kali" imetoka kwenye masoko yenye aina mbili tu: Fuyu iliyo bapa na Hachiya iliyochongoka. Ukitoka nje ya hizo mbili haifai kitu. Hiratanenashi ni bapa kabisa, na ukakasi wake ni mkali. Triumph, ile ya Israeli inayouzwa kwa jina la Sharon, nayo ni bapa. Inalika ikiwa ngumu kwa sababu tu baada ya kuvunwa imefungiwa kwenye chumba chenye kaboni dioksidi. Rojo Brillante ya Valencia, Hispania, hufanyiwa hivyohivyo. Zichume hizo mtini uzing'ate zikiwa ngumu, utajuta. Chocolate, kwa upande wake, ina umbo refu, na ikijaa mbegu ni tamu sana.

Programu ya simu inaona ganda na umbo tu. Haioni mbegu wala tanini, na hayo ndiyo yanayotenga makundi. Hata watu wanaouza persimoni huchanganya: nyingi zinazoitwa Fuyu huko California ni Jiro, aina ya Shizuoka, ambayo ukiitazama kutoka juu ni kama mraba, na ina mifereji minne inayoshuka kutoka kwenye kikonyo.

Chukua kisu. Chuma matunda 10 kutoka pande zote za mti, yaliyokolea rangi lakini bado magumu, na uyape namba. Kata kila moja kwa upana, katikati. Hesabu mbegu (hazizidi 8), andika ukahawia umeenea hadi wapi, kisha tafuna kipande kidogo kilicho mbali na mbegu na uteme. Ukahawia ukienea nyama nzima na utamu ukaongezeka kadiri mbegu zinavyoongezeka, ni kundi la Hyakume. Ukiishia kando ya mbegu tu na kwingine kote kukawa na ukakasi, ni kundi la Hiratanenashi na Triumph. Yote yakiwa makali bila ukahawia hata penye mbegu, fikiria Hachiya na jamaa zake. Usikate tunda moja ukaamua. Lenye mbegu moja upande mmoja laweza kuwa tamu huku na kali kule. Majira ya kuchipua rudi uangalie maua: ya kike huwa moja moja na yana kikombe kipana cha kijani, ya kiume ni madogo na hukaa matatu matatu. Aina nyingi hazina maua ya kiume kabisa, kwa hiyo ukiyaona umepunguza sana orodha.

Matunda makali yaache yalainike kama rojo, au yafunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu kwa siku kadhaa. Usiyale magumu, hasa tumbo likiwa tupu: tanini ikikutana na asidi ya tumbo huganda na kufanya bonge, ambalo wakati mwingine huondolewa kwa upasuaji.

Na tafadhali, wewe na wengine mnaotaka kupanda, msinunue mbegu zinazotangazwa mtandaoni kuwa "mbegu za Fuyu". Mbegu ya persimoni haizai aina ya mama yake. Utangoja miaka mingi upate mti usiojulikana, mara nyingi wenye matunda makali. Fuyu hupatikana kwa mche uliobebeshwa tu, yaani kipande cha Fuyu kilichounganishwa juu ya shina la mti mwingine. Muulize muuzaji amebebesha juu ya mti gani. Akisema Diospyros lotus, mti wa jamii ya persimoni, uache, kwa sababu Fuyu mara nyingi haishikamani nao vizuri na mti huweza kudhoofika baada ya miaka michache. Akishindwa kujibu, tafuta muuzaji mwingine.