Shingo ikipinda baada ya dawa za akili, kimbilieni hospitali kwanza

Mdogo wangu alianza haloperidoli Jumatatu, maana alikuwa na kama wiki mbili halali, anaongea na watu tusiowaona. Jumatano usiku tunakula, mara akaacha tonge kwenye sahani, shingo ikaanza kwenda kushoto yenyewe, macho yakapanda juu yakagoma kushuka, ulimi nje, na hapo akili anayo kabisa, anatusikia, kanishika mkono anauminya. Mama mkubwa akasema ni jini limechukia dawa za hospitali. Likaletwa kombe, kunywa hawezi, ukafukizwa ubani, masaa matatu yakaenda hivyohivyo.

Hospitali nesi wa zamu alimtupia jicho tu akauliza, "Kaanza dawa gani?" Sindano ya promethazini, kama nusu saa hivi shingo ikarudi, dogo akaomba maji. Niliona aibu jamani.

Daktari alinielewesha hivi. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayosaidia kupanga msuli upi ukaze na upi ulegee, na pale kemikali mbili za ubongo, dopamini na asetilikolini, zinavutana kama watu wa kamba. Haloperidoli inaziba njia ya dopamini ili zile sauti zipungue, ila haichagui, inaziba mpaka kwenye mambo ya misuli, basi asetilikolini inabaki inavuta peke yake. Ndo maana ile sindano haikuongeza dopamini, ilimpunguza nguvu huyo wa upande wa pili, na vidonge vya benzheksoli alivyopewa kwenda navyo nyumbani vinafanya kazi hiyohiyo.

Mwenye ugonjwa wa Parkinson naye shida yake iko hapohapo, ila kwake seli zinazotengeneza dopamini zenyewe zinakufa, ndo unaona mkono unatetemeka, mwendo wa kuburuza. Msweden mmoja, Arvid Carlsson, miaka ya 1950 aliwapa sungura resapini, dawa inayomaliza dopamini, wakalala hoi hawajongei, akawachoma levodopa, ambayo mwili unaigeuza dopamini, wakaamka, na mwaka 2000 akapata Nobel. Levodopa mpaka leo ndo dawa kubwa ya Parkinson, japo mtu akiitumia miaka mingi mwili unaweza kuanza kujinyonganyonga kama anacheza ngoma. Dopamini ikipungua shida, ikizidi shida.

Kwa hiyo kama kwenu kuna mtu kaanza dawa hizi, hasa kijana wa kiume, mwangalieni sana siku nne tano za mwanzo. Shingo, macho, taya au ulimi vikikaza nendeni usiku huohuo, na akikabwa koo anapumua kwa shida msisubiri hata dakika. Hata Plasil, ile dawa ya kuzuia kutapika, inaweza kuleta kitu hiki, na mgonjwa wa Parkinson hatakiwi kupewa kabisa. Kuna na ile ya kushindwa kutulia, anakaa anasimama, watu wanadhani kichaa kimezidi kumbe ni dawa. Na ikipita miezi au miaka ukaona anatafunatafuna mdomo mtupu, semeni mapema, hiyo ikikomaa inaweza isiondoke.

Ila msimkatishe dawa wenyewe. Sisi tulimwachisha kwa woga, wiki ya tatu sauti zikarudi, tukarudi kliniki vichwa chini, akabadilishiwa. Sasa hivi nyuma ya kava la simu yake kuna kikaratasi, nimeandika kwa kalamu nyekundu: HALOPERIDOLI ILIMPINDA SHINGO.