Muulize Mwenyewe: kwa unayetaka kufanya kazi ya kutetea haki za watu wenye ulemavu

Kila baada ya wiki mbili tatu napata ujumbe wa kijana aliyemaliza chuo, mara nyingi ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii, anauliza aingieje kwenye shirika kama letu. Wengi huanza hivi: "Dada, mimi nina moyo wa huruma." Nawajibu wote, ila majibu ya kwenye simu huwa mafupi, kwa hiyo leo naandika kwa kirefu. Nina miaka tisa kwenye kazi hii hapa Moshi, katika shirika dogo la watumishi saba linalotetea haki za watu wenye ulemavu mjini na kwenye vijiji vya mlimani. Huruma naiheshimu. Lakini nimeona mtu mwenye huruma akimnyang'anya mwenzake kauli bila kujua, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Mwezi wangu wa pili kazini nilimsindikiza mama mmoja wa Pasua kwenye ofisi moja ya umma kufuatilia mkopo wa kikundi chao. Mama huyu anatumia kiti mwendo tangu alipoumia uti wa mgongo. Anauza mkaa na dagaa, na hesabu za kikundi anazo kichwani, shilingi kwa shilingi. Tulipoingia, ofisa akanitazama mimi. "Huyu anaitwa nani?" Nikamtajia jina. "Shida yake nini?" Nikaeleza. "Kikundi kina watu wangapi? Wanafanya biashara gani?" Nikajibu yote, na pale nilipokwama nikapekua faili langu. Mama yuko katikati yetu, bahasha ya kaki ya nyaraka imelala mapajani mwake, ameishika kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwomba aifungue. Tulipotoka tukasimama chini ya mwarobaini kusubiri bajaji, akasema taratibu bila hasira: "Mwanangu, yule baba hanijui. Wewe unanijua."

Nililala na maneno hayo siku nyingi. Tangu hapo, nikiulizwa habari za mtu aliyekaa pale pale, namgeukia yeye na kunyamaza. Mtumishi mpya hukiogopa kile kimya, anakimbilia kukijaza. Usikijaze. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuhitaji nusu dakika kulitoa neno moja, na nusu dakika hiyo ni yake. Ukizungumza na kiziwi kupitia mkalimani, mtazame kiziwi. Ukiongea na asiyeona, jitambulishe kwa jina kabla ya shikamoo, na ukiondoka mwambie kwamba unaondoka, asibaki akiongea na kiti kitupu.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuja mwaka uliofuata. Shirika lilipokea viti mwendo kutoka kwa wafadhili, vyote vya kipimo kimoja, vile vya kusukumia wagonjwa kwenye sakafu laini za hospitali. Mimi ndiye niliyeandika orodha ya watakaopewa. Siku ya kukabidhi palikuwa na turubai, kwaya na mgeni rasmi, na binti wa miaka kumi na mmoja kutoka Kibosho, aliyezaliwa na mgongo wazi, akapata cha kwake. Picha yake ikapamba ripoti yetu.

Baada ya miezi minne nikapanda kwao. Kiti nilikikuta bandani, kimejazwa majani ya mbuzi. Binti alikuwa amelala kifudifudi kitandani. Bibi yake akafunua kitenge, nikaona kidonda kwenye kalio, mdomo wake ukubwa wa kizibo cha soda, lakini kimechimba ndani. Wengi wenye mgongo wazi hawana hisia sehemu za chini za mwili, kwa hiyo binti hakusikia maumivu. Kiti kilikuwa kipana mno kwake, akawa anaegemea upande mmoja kutwa nzima, na hakikuwa na mto wa kupunguza mgandamizo. Aliendelea kukikalia kidonda hadi nyumba ikasikia harufu. Halafu nikaitazama njia yenyewe: inashuka katikati ya migomba, inavuka mfereji kwa ubao mmoja, na masika ikianza inakuwa tope tupu. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti kile yasingefika hata kwenye mfereji. Bibi akasema, "Mngetuuliza, tungewaambia."

Tulimpeleka hospitali ya KCMC, hapa Moshi. Kidonda kilichukua zaidi ya miezi miwili kupona, na muhula mzima wa shule ukaenda hivyo. Kinachonisumbua hadi leo ni kwamba msaada wa kitaalamu ulikuwa karibu nasi wakati wote. Hapo hapo KCMC kuna chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo wa viti mwendo mwaka 2008, wenye hatua 8. Mtu anapimwa na kuulizwa anaishi wapi na anapita njia gani, kiti kinachaguliwa na kuandaliwa kwa vipimo vyake, anajaribishwa, anafundishwa kukitumia na kujikagua ngozi, na hatua ya mwisho ni kumfuatilia. Sisi tulifanya hatua moja tu, ya kugawa. Kwa njia zetu za mlimani, kiti cha magurudumu matatu, la mbele likiwa moja kubwa, hupita pengi ambapo kile cha hospitali hukwama. Siku hizi hatupokei kiti bila vipimo vya atakayekikalia, na tumewahi kuukataa mzigo mzima. Mfadhili alinuna. Nilikuwa na uhakika, na ningekataa tena.

Kuuliza ni ufundi, na hujifunzwa. Ukipangiwa upande wa Meru, Arusha, maeneo kama Maji ya Chai na Ngurdoto, utakutana na watoto wenye miguu iliyopinda na meno ya kahawia. Utasikia habari za laana, za ukoo, za mama aliyekosea miiko. Maji ya kule yana madini mengi ya floridi kutokana na miamba ya volkano, na yakizidi kwa miaka mingi hudhuru meno na mifupa ya mtoto anayekua. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa hiyo ukikuta nyumba tatu jirani zenye watoto wa namna hiyo, uliza kwanza wanachota wapi maji. Swali hilo limewaondolea akina mama wengi lawama walizobebeshwa, na linakuonyesha mlango wa kugonga, ambao ni wa idara ya maji.

Sheria uisome, tena iwe kwenye begi imechapwa na kupigwa mistari. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikatungwa mwaka 2010. Mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi anatakiwa angalau asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Mwajiri mmoja wa Arusha aliniambia kwamba hajawahi kupata mwombaji. Nikauliza matangazo ya kazi anayabandika wapi, akanipeleka: ghorofa ya pili, ngazi tupu. Hakuwa mtu mbaya. Tulikaa naye na wanachama wawili wa chama cha wenye ulemavu, wakamweleza wenyewe matangazo yawafikieje. Kuna pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4, watu wenye ulemavu asilimia 2. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024 na taratibu mpya, na wapo wanaodhani bado imefungwa. Waambie. Wasaidie kuielewa fomu, lakini wajaze wenyewe na waende kuitetea wenyewe.

Kuhusu mikutano nitasema jambo moja lililonifundisha mengine yote. Niliwahi kuandaa kikao Arusha, ukumbi mzuri, bei nzuri, ghorofa ya kwanza. Mwenyekiti wa kikundi alipofika kwenye ngazi, wahudumu wanne wakamzunguka wambebe na kiti chake. Akawazuia kwa kiganja. "Nimekuja kikaoni. Sikuja kubebwa." Tukateremsha meza na viti vyote, tukafanyia kikao pale yanapoegeshwa magari, na akakiongoza vizuri sana. Sasa mwaliko wetu una maswali: unafikaje, unahitaji mkalimani wa lugha ya alama, unasoma nukta nundu au maandishi makubwa, unakuja na msaidizi? Halafu majibu yanakuwa fedha kwenye bajeti. Bajaji kwenda na kurudi. Wakalimani wawili kwa kikao cha kutwa, kwa sababu mmoja akichoka viziwi wanakosa nusu ya maneno. Mistari hiyo ndiyo hukatwa kwanza bajeti ikibana. Ipiganie kabla hujapigania posho yako.

Maneno nayo: sema mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino. Kiziwi ni neno ambalo viziwi wenyewe wamelichagua, limo hata kwenye jina la chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA). Bubu achana nalo. Na picha, omba ruhusa mapema, si kamera ikiwa tayari usoni. Mama mmoja wa Uru alinizuia nisimpige mtoto wake picha hadi amvalishe gauni la Pasaka na kumpaka mafuta. Mwenzangu alinong'ona kwamba wafadhili hawataona uhitaji. Tulisubiri. Mtoto alitoka anang'aa, na picha ile ndiyo pekee ambayo familia iliomba nakala yake.

Kuhusu mshahara niwe mkweli: ajira nyingi zinafuata mradi, mradi ukiisha nawe umeisha. Uliza mkataba unakoma lini. Kisha kwenye usaili, ukiambiwa kama una swali, uliza hapa wameajiriwa watu wangapi wenye ulemavu na wanafanya kazi gani. Wakikutajia mlinzi wa getini peke yake, fikiri mara mbili. Mkurugenzi wetu ni mwanamama asiyeona, anasoma bajeti kwa kompyuta inayomsomea kwa sauti, na ndiye aliyenirudishia ripoti ya viti mwendo akitaka nieleze nani alipimwa.

Yule mama wa Pasua sasa yumo kwenye kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa wao. Juzi alinipigia: Alhamisi kikundi kinarudi kuomba mkopo wa pili, wa kwanza wameshamaliza kurejesha. Ameniomba nimsindikize. Nikamuuliza nibebe faili gani. "Usibebe kitu," akasema. "Utanisubiri pale mwarobaini, nikikuhitaji nitakuita."