Siku mvua ilipotufanya wote viziwi

Nilipokuwa nafundisha darasa la tatu la msingi hapa Goma, nilikuwa na watoto 62, wamebanana wanne wanne kwenye benchi. Nyuma kabisa alikaa msichana mmoja asiyesikia vizuri. Katika imla alipata sifuri kila juma, nami nikamhesabu kuwa mzito. Mama yake alipokuja nilimshauri amtafutie shule ya viziwi. Aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, umekwisha kumuita kwa mkono?"

Sikuwa nimefanya hivyo hata siku moja.

Kisha ikaja mvua. Aliyesoma chini ya mabati anajua: mvua ikikaza, hata anayekaa benchi la mbele hasikii kitu. Nikaacha kupaza sauti. Nikaandika kila kitu ubaoni, nikaeleza kwa mikono, nikapita benchi kwa benchi. Watoto 61 hawakusikia, kama yeye. Wa kwanza kumaliza hesabu alikuwa yeye. Mvua ilipokatika nikarudia mazoea yangu ya kusema huku nikiandika, darasa nikilipa mgongo, naye akapotea tena.

Baadaye nilisoma kwamba Mike Oliver, msomi Mwingereza aliyetumia kiti cha magurudumu, mwaka 1983 alitofautisha mitazamo miwili: mmoja unautafuta ulemavu ndani ya mwili wa mtu, mwingine unautafuta katika jinsi jamii ilivyojipanga. Mimi nilikuwa nimeshaona tofauti hiyo chini ya mabati. Mwaka 1994, huko Salamanca nchini Hispania, serikali 92 zilikubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo ijirekebishe ili impokee kila mtoto.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kabla ya kumtuma mtoto kwingine, jibadilishe wewe. Geukia darasa ndipo useme. Usisimame dirisha likiwa nyuma yako, kwani uso wako unaingia gizani na midomo haisomeki. Mwenzake akijibu, rudia jibu lake. Na mzazi apeleke masikio yakapimwe. Mengine yana usaha au uchafu unaotibika.

Hata hivyo mtazamo huo wa pili haumalizi kila kitu, na hapa nabishana na wenzangu wanaodhani kumweka mtoto darasani kunatosha. Sikio lake halikupona kwa sababu mimi niligeuza uso. Ukimtaja kuwa tofauti, unaweza kumtia aibu. Usipomtaja, anakosa msaada anaoustahili. Sijapata njia ya kukwepa fundo hilo, ila kumuuliza mwenyewe kila mara. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kongo yetu ilijiunga nao mwaka 2015, unadai katika kifungu cha 24 elimu jumuishi, na papo hapo unadai mtoto kiziwi asaidiwe kujifunza lugha ya ishara. Mtoto anayetegemea midomo ya watu peke yake huchoka kabla ya saa sita, na hana wa kucheka naye kwa lugha yake.

Mtaani kwake kuna fundi cherehani ambaye ni kiziwi. Tulizungumza na mama, akakubaliana na fundi huyo: kila Jumamosi binti anaenda pale kujifunza ishara. Jumamosi iliyopita wenzake watatu wa darasani walimfuata.