Wasomaji Wanauliza: Bamvua la Mikindani na bamvua la Uingereza

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Mikindani, mwaka huu nasoma Brighton, Uingereza. Jumamosi ya kwanza ya Novemba tunataka kutembea kwa mguu, wanafunzi wanne, kutoka Seaford hadi Eastbourne kupitia majabali meupe ya Seven Sisters. Nimezoea ufukwe wa Msimbati. Tupite chini kando ya maji au juu? Na tuondoke saa ngapi?
Mwanafunzi, Brighton

JIBU: Piteni juu, ndugu yetu. Tena wewe mtoto wa pwani ndiye wa kuangalia zaidi, kwa kuwa mazoea ya nyumbani yatakudanganya. Kwetu Mtwara, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi. Ndiyo saa ya kwenda mwambani kutafuta pweza. Upande ule wa Uingereza, siku hizohizo za bamvua, maji hujaa karibu na saa 6 mchana. Na hupanda mita 6 hivi kutoka kupwa hadi kujaa, wakati huku ni mita 3 na kitu.

Maji yakikukuta Msimbati unasogea juu mchangani, basi. Pale nyuma yako ni ukuta wima wa chokaa, na kati ya mdomo wa mto Cuckmere na Birling Gap, zaidi ya kilomita 3, hakuna pa kupandia. Chokaa hiyo nayo humeguka bila kutoa ishara, hasa ikishanywa mvua.

Huko juu, kaeni mita 5 au zaidi kutoka ukingoni. Majani yanaonekana yamekaa juu ya ardhi imara, kumbe chini bahari imeshakula. Ukiona ufa mwembamba majanini unaokwenda sambamba na ukingo, bonge lote la mbele yake limeshaachana na nchi kavu. Picha pigeni mkiwa mbali.

Mto Cuckmere usiuvuke mdomoni hata ukionekana wa magotini. Daraja liko Exceat, karibu kilomita 2 ndani, na kurudi pwani ni kiasi hichohicho. Wengi husahau kuhesabu kipande hiki, giza likawakuta njiani.

Maana Novemba jua huzama kama saa 10 na nusu jioni. Safari nzima ni kilomita 22 hivi, mwendo wa muda wa saa saba pamoja na mapumziko. Ni lazima mwe mmeanza Seaford saa 2 na nusu asubuhi. Ushauri wetu: pandeni basi namba 12 kutoka Brighton, mshuke Exceat, mtembee kilomita 13 zinazobaki. Vilima vyote saba vya Seven Sisters mtavipata, na jabali la Beachy Head pia, mita 162 juu ya bahari. Kwenda mashariki hivyo, upepo wa kusini-magharibi, ndio unaovuma mara nyingi, utawasukuma mgongoni.

Viatu viwe na meno. Chokaa ikilowa huteleza kama sabuni. Kila mtu abebe maji lita moja na nusu, chakula na koti la mvua. Choo na mgahawa mtavikuta Birling Gap.

SWALI: Binti yangu anasoma hukohuko. Mwenzake akianguka jabalini, apige simu wapi?
Mama, Lindi

JIBU: Apige 999, ni bure, aombe “Coastguard”, yaani walinzi wa pwani, si polisi: hao ndio wenye kamba na watu wa kushuka majabalini. Ataje mahali pa mwisho walipopita penye jina, na upande waliokuwa wakielekea. Asishuke kumfuata mwenzake, wala asichungulie ukingoni. Simu aiweke mfuko wa ndani tangu asubuhi, kwani baridi humaliza chaji haraka, na akishapiga asizungumze na mtu mwingine, waokoaji wasije wakampigia wakakuta inatumika.