Usianze na Miguu Unapofundisha Mijusi

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha baiolojia Morogoro nilichora ubaoni safu tatu za reptilia: mijusi wana miguu, nyoka hawana, na mamba ni kenge aliyeshiba. Kijana wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwetu Uluguru tukilima tunafukua mjusi hana mguu hata mmoja. Naye nyoka?"

Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho hiyo ilichukua wiki mbili.

Yule ni mjusi kweli, wa jenasi ya Melanoseps. Miguu imepotea mara nyingi, katika koo tofauti za mijusi, kwa hiyo haithibitishi udugu. Nyoka wenyewe ni tawi tu ndani ya mti wa mijusi. Mwaka 2005 wanabiolojia Nicolas Vidal na Blair Hedges walilinganisha vinasaba, wakakuta kenge na kinyonga wako karibu zaidi na nyoka kuliko na mjusi kafiri wa ukutani. Wataalamu wa mifupa walikuwa na mti wao mwingine, na ugomvi ukawaka.

Ukitaka darasa lielewe, wape tochi usiku wamwangalie mjusi kafiri taani. Hapepesi, analamba jicho kwa ulimi. Hana kope, kama nyoka. Watasema ni ndugu wa karibu, hapo ndipo uwaambie hapana: alama moja haitoshi.

Hata wakubwa waliingia mkenge. Mwaka 1831 fuvu la tuatara, reptilia wa New Zealand anayefanana na mjusi, lilifika jumba la makumbusho London, mtaalamu wa wanyama John Edward Gray akaliweka kwa mijusi. Ikabidi mwenzake Albert Günther amchunguze tuatara upya mwaka 1867: nyuma ya jicho tuatara ana upinde wa chini wa mfupa ambao mijusi hawana. Leo ana kundi lake peke yake. Wala tuatara na mijusi hawakuachana juzi. Megachirella, kisukuku kutoka milima ya Dolomites, Italia, ana umri wa miaka milioni 240 hivi na tayari yuko upande wa mijusi na nyoka.

Mamba nilimfuta kabisa kwenye safu ya kenge. Ndugu zake wa karibu walio hai ni ndege. Moyo wake una vyumba vinne kama wa kuku. Siku hizi somo naanza na kuku.

"Kwa hiyo kuku ni reptilia?" mmoja aliniuliza muhula uliopita. Nikasema ndiyo, kengele ikalia, na hakuna aliyetoka.