Shangazi, nagawa sabuni za mume wangu kwa siri

*Shangazi, mume wangu ana kiwanda cha sabuni na mafuta ya mawese hapa Kigoma. Mimi ni mama wa nyumbani. Kila Ijumaa nawagawia wajane wa Ujiji sabuni na mafuta, nachukua stoo kimyakimya kwa sababu yeye huniita mfujaji. Sasa hesabu hazilingani na mtunza stoo anakatwa mshahara. Nikisema, nahofia ndoa. Nikiacha, wajane watasema najidai. Nifanyeje? – Mama Sadaka*

Mwanangu, huruma unayo. Ila wajane umewaeleza vizuri, mtunza stoo umempitia juu juu, na huyo ndiye anayelipia sadaka yako sasa hivi. Ana kodi ya nyumba, ana watoto, na huko kazini keshaitwa mwizi. Anza naye. Leo usiku mumeo akishakula na simu kaiweka pembeni, mwambie: "Sabuni nilichukua mimi. Kijana hana kosa, mrudishie hela yake." Usitangulize wajane, wala machozi. Atafoka, mwache afoke. Kama unahofia mkono wake, mwite kwanza mshenga akae nanyi.

Hasira zikipoa, dai fungu lako waziwazi. Kwa hiyo Ijumaa yako nadhani ninyi ni Waislamu. Mali ya biashara ikifikia nisabu, yaani kile kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kupitiwa na mwaka ina zaka, asilimia 2.5. Muulize ya kiwanda anaitoa nani na inakwenda kwa nani. Mwombe akukabidhi kuigawa, na juu yake katoni kadhaa za sadaka kila mwezi, zitoke stoo kwa saini.

Wake wa matajiri wakubwa nao walikubaliana mapema. Louise Whitfield, kabla ya kuolewa mwaka 1887 na Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, alitia saini kwamba sehemu kubwa ya mali ya mume itakwenda kwenye misaada, naye atapata fungu lake la kila mwaka. Mume alifariki mwaka 1919. Mama yule akaendelea kutoa mpaka alipofariki mwaka 1946. Hakuhitaji kunyemelea stoo ya mtu.

Wajane waambie Ijumaa hii hakuna kitu. Watanung'unika kidogo, basi.

Na mumeo akikataa katakata, tafuta chako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kumiliki mali yake kama mume. Kununua madumu ya mawese bei ikiwa chini na kuyauza yakiadimika, hapo Kigoma hakudai kiwanda.