Treni ya Chicago–Milwaukee: waya juu au reli ya tatu?

Swali: Injinia, nimeona picha za treni ya umeme ya zamani, North Shore Line, iliyokuwa inatoka Chicago kwenda Milwaukee. Picha moja ina mlingoti umegusa waya, nyingine waya hakuna kabisa. Walikuwa wanabadilisha injini njiani au?

Jibu: Hapana ndugu yangu, treni ni ileile na mota ni zilezile. Siri ni kwamba umeme wa pande zote mbili, wa waya na wa reli ya tatu, ulikuwa DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) wa volti 600 hivi, kwahiyo hakuna cha transfoma wala nini, kinachobadilika ni sehemu ya kuchotea umeme tu. Kule Milwaukee treni ilikuwa inapita katikati ya barabara na watu, pale huwezi kulaza reli yenye umeme chini, mtu akikanyaga amekwisha, ndo maana wakatumia waya juu na mlingoti. Kuanzia 1919 wakawa wanaingia katikati ya Chicago kwa kupita kwenye reli za treni za mjini zilizo juu ya madaraja ya chuma, na huko umeme unatoka kwenye reli ya tatu pembeni, kuna chuma wanakiita kiatu kinateleza juu yake. Mlingoti unashushwa unafungwa paani. Huku na huku umeme unarudi kupitia reli za kawaida.

Ugumu wenyewe mi nauona kwenye kona. Zile za katikati ya Chicago ni kali sana, na treni hiyohiyo ikitoka mjini inatakiwa ikimbie kilomita 130 kwa saa! Treni zao za Electroliner za 1941, zilitengenezwa mbili tu, kila moja ilikuwa na vipande vinne vifupi na badala ya seti nane za magurudumu zilikuwa tano, yaani vipande viwili vinachangia seti moja pale vinapoungana, hapo treni inajikunja vizuri. Kazi safi sana ile.

Kilichoiua sio umeme, ni magari. Barabara kuu ya Edens ilifunguliwa 1951, abiria wakapungua, 1955 wakafunga njia yao moja, ile ya ufukweni, na tarehe 21 Januari 1963 treni yote ikafungwa. Kipande cha kwenda Skokie, mji ulio jirani na Chicago, shirika la usafiri la Chicago lilikifufua 1964, na mpaka 2004 treni zake zilikuwa bado zinahama kutoka reli ya tatu kwenda waya wa juu zikiwa kwenye mwendo.